Mgeni Aliyeomba Kuonyeshwa Maji

Ulishuka Kavumu, binamu Kaseba,
umevaa koti jepesi la Lubumbashi lisilojua baridi yetu,
ukasema: nionyeshe maji kwanza,
chakula kitangoja.

Nilicheka. Bukavu mtu haonyeshwi maji.
Geuza shingo tu. Hapo, chini ya ngazi za udongo za Kadutu,
kati ya bati lenye kutu na bati lenye kutu zaidi,
ziwa limekaa
kama jirani aliyeingia bila hodi
na hakuna anayekumbuka alikuja lini.

Asubuhi tukapanda boti.
Ukaona rasi zetu zilivyoinama:
ng'ombe watano wamepiga magoti kunywa,
migongoni wamebeba majumba, mikaratusi, kengele za misheni,
na bado hawajashiba.
Ukauliza majina ya visiwa.
Nilikutajia viwili. Cha tatu nilikibuni,
nisamehe, ulikuwa umeshaandika.

"Kwetu," ulisema, "ziwa tunalokwenda Jumapili
ni la kutengenezwa. Watu walijenga ukuta,
mto ukaambiwa: lala hapa.
Hili lenu alilijenga nani?"

Nikanyoosha mkono kaskazini, kwenye ukungu,
upande wa Goma, ambako usiku anga huwa jekundu.
Ile milima, nikasema. Zamani ilikuwa waashi.
Ilimwaga moto, moto ukapoa ukawa ukuta,
mto uliokuwa ukienda kaskazini ukakuta mlango umezibwa.
Ukajaa. Ukajaa bonde, ukajaa mabega ya vilima,
hadi ukapata upenyo huku kusini
na kutoroka kwa jina la Ruzizi.
Ukanyamaza kidogo.
"Basi nalo ni bwawa," ukasema.
Sikuwahi kulifikiria hivyo,
mimi niliyefulia humo tangu nina miaka sita.

Kesho yake nilikupeleka kwenye ukuta wa pili,
ule wa saruji, ambapo mto haujafika mbali
na tayari umekamatwa.
Maji pale ni ya kijani, mazito, yanafikiri.
Migomba inajitazama humo.
Ukatoa simu. Mlinzi akaja mbio:
picha marufuku, hapa ni mali ya taifa!
Nikamtajia jina la baba.
"Bahizire? Bahizire wa reki?"
Akavua kofia. Akaangalia barabara, kushoto, kulia.
"Moja tu," akasema. "Haraka."

Miaka thelathini na mmoja, binamu,
baba alisimama juu ya wavu ule na reki ndefu
akivuta chupa, ndala, mabua, bidoni,
mara moja mlango mzima wa nyumba, na kitasa chake,
ili mashine zisikabwe koo.
Mji mzima ulitupa; yeye alipokea.
Mama alisema anarudi ananuka kila nyumba ya Bukavu.

Usiku umeme ulikatika, kama desturi.
Tulikula sambaza kwa mshumaa,
miiba tukiitafuta kwa ulimi.
Ukakumbuka picha. Ukamsogelea mzee
pale alipolaza mguu wake mbovu juu ya kigoda,
na bwawa lote likawaka kiganjani mwako,
vilima, migomba, anga mbili,
likamulika ndevu zake nyeupe.
Ulingoja aseme: pazuri.
Sote tulingoja.

Alikuomba ukuze pembe ya chini, kushoto.
Ukakuza. Akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo.
"Ile," akasema,
"ya njano. Mnaiona?
Inaelekea wavuni.
Saa ngapi mlipiga picha hii?"

Ulimwambia saa nne.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea,
kisha akaangalia mlangoni
alipozoea kuweka mabuti.